Uji wa Furu wa Butiama

Wengi hustaafu na mkongojo. Mimi nimestaafu na baiskeli nzima na meno yote isipokuwa moja, na hilo lilivunjika nilipofungua nalo kopo la rangi. Kituo cha utafiti wa samaki kilipunguza watu, nami nikapungua. Ninyi vijana mliobaki pale Musoma mliniomba niandike jinsi kazi ya chumba cha matangi ilivyokuwa, maana mmeachiwa chumba na nusu ya vitu vilivyomo hamjui ni vya nini. Vyeo sitavitaja, mwenye hamu navyo akaulize ofisini. Lakini kile chuma chenye kulabu mbili kilicho nyuma ya mlango, ambacho nasikia mnaanikia matambara, si cha kuanikia matambara. Nitakifikia.

Niliingia kazini wakati wa foleni. Kulikuwa na foleni ya sabuni, foleni ya sukari, na foleni ambazo mtu ulijiunga kwanza ndipo ukauliza mbele kuna nini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekwisha kimbia kazi tatu: duka la Bunda, shule ya msingi, na shamba la pamba la mjomba. Miguu yangu haijawahi kukubali kukaa. Hii ya kituoni niliipenda siku ile ile nilipoambiwa kwamba nusu ya kazi ni kuzunguka ufukweni kukusanya samaki. Sikuuliza nusu nyingine ni ipi.

Aliyenipokea ni fundi Athumani. Baba yake alikuwa Mmanyema, mama yake Mjita, na yeye mwenyewe alijitangaza kuwa ni kabila la mabati, kwa kuwa alikuwa mhunzi wa makopo, ndoo na taa za chemli tangu ujana. Kituo kilimchukua kwa sababu matangi ya kioo yalikuwa hayapatikani popote. Athumani aliyaunda kwa vioo vya madirisha ya nyumba zilizobomolewa, na kuyaziba kwa lami aliyoichemsha na vitu ambavyo hakuwahi kuvitaja. Yalivuja wiki ya kwanza, halafu yakaacha. "Tangi ni kama mwanafunzi wa bweni," alisema, "lilie kwanza ndipo lizoee."

Siku hiyo ya kwanza aliniletea furu mmoja, samaki mdogo kuliko kiganja, rangi ya majivu, kidevu kimevimba.

"Wewe ni wa Kiriba, mtoto wa ziwani. Niambie huyu ana nini."

"Amekula watoto wake," nilijibu. "Kwetu tunajuaga. Furu ni mlafi."

Athumani akamshika taratibu, akambonyeza kidogo chini ya taya juu ya bakuli la maji. Wakatoka vifaranga, mmoja, watatu, kisha kundi zima, wenye macho makubwa kama wamekatizwa usingizi. Wakazunguka bakuli. Akamwachia mama majini, akatulia, na mama akafungua mdomo. Wakarudi wote ndani mbio, wanasukumana mlangoni.

"Mlafi huyo," alisema Athumani. "Ana njaa wiki nzima na zaidi, hali chochote, ili asije akammeza mtoto kwa bahati mbaya. Nenda kamwombe radhi."

Alikuwa hatanii. Niliinama juu ya bakuli nikasema samahani, na wafanyakazi wengine walikuwa wamejipanga dirishani kunicheka. Kila mgeni alipitia pale. Nimewapitisha na ninyi, kwa hiyo mnajua.

Miaka ya kwanza kazi ilikuwa kuhesabu vitu vinavyopungua. Sangara walikuwa wanaongezeka, na furu walikuwa wanakwenda mdomoni kwao. Aina ambazo Athumani alizikuta kila kukicha zikawa za kusimuliwa. Jokofu letu lilikuwa la mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikuwa ya foleni. Spiriti ya kuhifadhia sampuli ilikuwa ile ya sumu, inayopofusha; kwa hiyo kwenye chupa ya akiba tuliweka chura mkavu anayeelea, ili hata mlevi aliyekata tamaa aghairi. Chura huyo alifanya kazi miaka mingi bila likizo.

Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa huru. Sabuni ikarudi kwa rangi zote, viwanda vya minofu ya sangara vikasimama, mji ukanuka samaki na shughuli. Wenye majokofu na magari wakahitaji majengo. Mkuu wetu akaanza kupita chumba cha matangi akipima ukuta kwa macho. Tukasikia kwamba chumba kikikaa bila kazi ya maana kitakodishwa kiwe stoo ya maboksi ya barafu.

Wakati huo ndipo alipokuja Daktari Nyangeta. Alikuwa binti wa Bunda, rika langu, aliyekwenda kusoma ng'ambo na kurudi na hadubini ndogo, buti za mvua na ugomvi dhidi ya uzembe wa kila aina. Alihitaji viinitete vya furu. Kiinitete ni kinda ambalo bado linaumbika ndani ya yai: bado halijajua pezi ni wapi na mkia ni wapi, au ndiyo kwanza linajua. Yeye alitaka vya umri mmoja tu, pale pezi la ubavuni linapochomoza kama chunusi. Kabla ya hapo ni bure, baada ya hapo ni bure. Na alitaka vya furu fulani mwenye mstari mweusi shavuni, aina ya zamani ambayo ziwani ilikuwa haionekani tena.

Alikuwa amejaribu misimu miwili na mayai yakamfia. "Bwana Manyama," aliniambia siku ya kwanza, "safari hii nikirudi mikono mitupu, mimi nitatafutiwa kazi ya kufundisha kidato cha pili, na hiki chumba chenu kitajaa barafu. Unaijua Mara?"

"Ninaijua kwa miguu."

"Basi washa gari."

Tulianzia upande wa Bunda, kwenye ghuba, sisi wawili na Athumani. Tulishuka mwaloni, mitumbwi inapotia, na ndoo zetu, nyavu za chandarua na debe la Athumani lenye matundu, na wavuvi waliokuwa wanapakua sangara wakubwa kama mageti wakaacha kazi kututazama.

"Daktari," mmoja akauliza, "huyo samaki mdogo anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Sasa daktari wa nini?"

Mwingine akamwinua sangara begani, mkia unaburuza mchangani. "Mama, chukua huyu. Yule furu wako unayemtafuta yumo humu tumboni. Nakuuzia wawili kwa bei ya mmoja."

Nyangeta alicheka nao, kisha akaniambia kimya kimya tukirudi garini kwamba huenda yule mvuvi hakukosea. Mama yake Nyangeta, aliyekuwa na genge sokoni Bunda, alitupa ndizi na kumuuliza kama bado anasoma. Alipojibu kwamba sasa anafanya kazi, mama alitazama ndoo, akamwongezea ndizi.

Ni mimi niliyesema twende Butiama. Kule hakuna ziwa, ila kuna malambo ya kunyweshea ng'ombe, na watu wa zamani walikuwa wakibeba samaki kwenye vibuyu kutoka ziwani na kuwaachia humo. Mahali ambapo sangara hajawahi kufika. Nilijua lambo moja karibu na kwa shangazi yangu Nyabuso, kwa kuwa niliwahi kuzama humo nikiwa na miaka ya kuchunga, na nilipokuwa chini niliona samaki.

Hapa lazima nieleze majina, la sivyo mtachanganyikiwa kama walivyochanganyikiwa makarani wote wa sensa. Babu yetu aliitwa Manyama. Alipofariki, wanawe wawili walipata wavulana msimu mmoja, na kila mmoja alilitaka jina la mzee. Bibi alikata shauri: wote waitwe. Kwa hiyo kuna Manyama Mkubwa aliyeko Kiriba, anayelima, anayefuga, anayegawa nyama misibani na kupatanisha ndugu. Na kuna Manyama Mdogo, ambaye ni mimi. Na kwa kuwa anayebeba jina la baba yako ni baba yako, Shangazi Nyabuso, binti wa marehemu, anatuita wote wawili "baba".

"Karibu baba!" alipaza sauti alipoliona gari. "Umekonda! Na huyu ndiye mama?"

"Shangazi, huyu ni Daktari. Tuko kazini."

"Kila mara uko kazini, na kila mara kazi ni tofauti. Kaeni mle."

Siku ya pili, kwenye matete ya upande wa juu wa lambo, wavu ulimleta. Mstari mweusi shavuni, kidevu kimejaa. Nyangeta alipiga magoti kwenye tope akamtazama mdomoni kwa lenzi, na sauti yake ikawa ndogo.

"Ametaga juzijuzi tu. Mayai hayajafika. Asubiri hivyo hivyo na mayai yake mdomoni, siku kadhaa, tusimguse, na pezi litachomoza humo humo." Alinitazama. "Manyama, huenda ndiye pekee tutakayempata. Asisumbuliwe hata na pumzi."

Tukamweka kwenye beseni kubwa la maji ya lambo ndani ya nyumba ya jiko ya Shangazi, penye kivuli na baridi. Tukarudi lamboni kutafuta wa pili. Athumani akaenda kwa jirani kutafuta misumari.

Sasa fikirini mlivyo watu wa Mara. Shangazi anarudi kutoka shambani, anamkuta jikoni kwake mgeni aliyejifungua. Nilikuwa nimemweleza asubuhi kwamba samaki huyu ni mzazi, kwamba amebeba watoto mdomoni na hali chochote. Kwa Shangazi, habari ya mzazi asiyekula katika nyumba yake ilikuwa aibu inayotembea. Mzazi hulishwa. Hata adui akijifungulia kwako utampikia uji wa ulezi wenye maziwa, umpe kabla hujamuuliza jina. Basi alipika. Akaupoza vizuri, akaumimina kwenye beseni kwa kijiko, kidogo kidogo, akimbembeleza.

Tulipoingia, beseni lilikuwa na rangi ya kahawa ya maziwa. Furu alikuwa juu, anahema, kidevu kimebonyea. Chini, kwenye uji, yalikuwa mayai yake.

"Amekula kidogo," alisema Shangazi kwa furaha. "Sasa mdomo umepungua uvimbe."

 Nyangeta alivua buti moja, akalitazama, akalivaa tena. Kisha akasema, "Maji. Maji safi, mengi, sasa hivi."

Tulibeba. Tuliyachuja mayai kwa chandarua, moja moja, ya manjano na makubwa kwa samaki mdogo vile. Mama mtu tulimbadilishia maji mara tatu akapona, ila alipopewa mayai aliyageuzia mkia. Furu akishatema kwa hofu mara nyingi harudishi. Nyangeta akamrudisha lamboni mwenyewe kwa mikono miwili.

"Hivyo ndivyo yalivyonifia misimu miwili," alisema aliporudi, ameketi juu ya ndoo. "Yai la furu haliwezi kutulia. Mama analizungushazungusha mdomoni mchana kutwa, linapata hewa, halioti ukungu. Ukiliacha chini ya chombo, kesho limeota manyoya meupe. Kule kituoni nina mashine. Hapa nina nini?"

"Na barabara?" niliuliza. "Tukiyapeleka kituoni?"

"Barabara yenu ya Butiama inavunja hata mawe. Yai litabaki?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, upawa wa uji mkononi. Alikuwa ameelewa. "Nimewaua?" aliuliza.

"Bado," alisema Nyangeta. "Ila lazima yasogee. Polepole, bila kuacha. Kama hivi." Akachukua chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya dawa ya mifugo, iliyokwisha oshwa, akaweka maji nusu na yai moja, akailaza na kuipembeza. Yai likaviringika kwenda na kurudi.

Shangazi aliangalia mkono ule. Akaweka upawa chini. Kwenye boriti ya jiko lake, kama kwenye kila jiko la huko, kilining'inia kibuyu cha kusukasukia maziwa. Alikifungua kibuyu, akaifunga chupa, sasa na mayai yote ndani, kwenye kamba zile zile, akakaa kwenye kigoda chake na kuanza.

"Shangazi, taratibu!" Nyangeta aliruka. "Hatutafuti siagi!"

"Mwanangu, mikono imezoea. Nionyeshe tena."

Akaonyeshwa. Ikachukua muda. Kila aliposahau, mawazo yalikwenda kwenye ng'ombe na chupa ikaenda nayo, na Daktari akawa anasema "maziwa, Shangazi, si siagi," hadi mwendo ukatulia. Athumani alifika na misumari yake, akatazama lile jambo, akakata kipande cha nondo na kukipinda kiwe na kulabu mbili ili chupa isizunguke kamba. Vijana, chuma hicho ndicho mnachoanikia matambara. Ni bembea. Jina lake halisi alilolipa Athumani ni Meno ya Mama.

Tatizo likawa ni mikono. Chupa haikutakiwa kusimama, na sisi tulikuwa wanne tu. Hapo desturi iliyotuponza ikageuka kutusaidia. Shangazi alikuwa ameshawatangazia majirani alipokwenda kuazima ulezi kwamba kwake kuna mzazi. Kesho yake wakaja. Walikuja wanawake wa kijiji kizima, wengine na mayai ya kuku, wengine na ulezi, mmoja na jogoo aliyefungwa miguu.

"Tumekuja kumwona mzazi. Yuko wapi?"

"Lamboni," alijibu Athumani, uso mkavu kama bati.

"Baada ya siku moja? Na mtoto?"

"Watoto. Wako chupani."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Lakini mtu akija kumwona mtoto sharti ampokee mikononi, na hakuna aliyetaka kusemwa kwamba alikataa. Kila mmoja alikaa kwenye kigoda akapembeza zamu yake, na kila aliyemaliza alikuwa na maoni. Mmoja alisema wa tatu kutoka kushoto ana kichwa cha mume wake. Nyangeta aliwafundisha kumwaga maji ya zamani na kuongeza mapya. Athumani alimimina maji kutoka juu kabisa, chombo hadi chombo, kama muuza kahawa anayejidai, ili yaingie hewa. Yai lililopata ukungu lilitolewa na Shangazi kwa unyoya wa kuku, na kila lilipotolewa aliliambia pole. Yalikuwa yanapungua. Kila asubuhi Nyangeta alikwenda kwenye chupa kabla ya kunawa uso.

Katika kupembeza ndipo Shangazi alipouliza. "Mwanangu, una elimu yote hiyo. Unatafuta nini kwenye yai la furu?"

Nyangeta aliketi juu ya ndoo. "Kila kiumbe kina maagizo ndani yake, Shangazi. Yanasema: hapa ota pezi, hapa ota ubongo. Tunayaita jeni. Zamani mno, katika babu wa mababu wa samaki wengi, maagizo yote yalijirudia. Kila agizo likawa na pacha. Mimi nataka kujua pacha wanafanya nini. Maana kazi ilikuwa ya mmoja, na sasa wako wawili."

"Na wanafanyaga nini?"

"Mara nyingi mmoja anafanya kazi, mwingine hana analofanya. Anaharibika polepole hadi anapotea, na hakuna anayemkosa. Mara chache huyo wa pili, kwa kuwa hana mzigo, anajifunza kazi mpya kabisa."

Shangazi alicheka hadi nikamshikia chupa. "Nilikuwa na baba mmoja, akafa, akarudi wawili! Mmoja yuko Kiriba anafanya kazi ya baba. Mwingine ndiye huyu, anazurura na ndoo."

"Mimi ni yupi, Daktari?" niliuliza. Nilitaka iwe mzaha. "Aliyejifunza kazi mpya, au anayeharibika?"

"Bado tunachunguza," alisema.

Athumani alikohoa sana. Kwa miaka yote iliyobaki kituoni, nikichelewa kazini, alisema: anaharibika.

Asubuhi moja Nyangeta alikuwa dirishani, jicho kwenye hadubini, mwali mmoja wa jua umeangukia kioo. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono nyuma yake akanishika shati.

"Tazama."

Nikatazama. Yai la manjano lilikuwa na mtu juu yake, amejikunja, ana macho mawili meusi na mkia unaotikisika. Ubavuni, chunusi.

"Pezi," alisema. Kisha akafuta uso kwa mkono wenye tope, ukazidi kuchafuka. Chumba cha matangi kilikuwa salama, naye hatakwenda kufundisha kidato cha pili.

Alifungua sanduku akatoa chupa ndogo za dawa na spiriti. Shangazi aliyeketi kwenye kigoda akasimamisha chupa. Ilikuwa mara ya kwanza isimame.

"Hizo za nini?"

"Za kuwahifadhi. Wakae hivi hivi walivyo."

"Wakiwa hai?"

"Hapana, Shangazi."

 Shangazi alisema bila ukali, "Nimewalisha uji kwa ujinga wangu, nikawalipa kwa mikono yangu. Kijiji kimewapakata. Leo unawatia kwenye pombe?"

Nimeona wasomi wengi wakikabiliwa na swali na kuanza kuongea haraka. Nyangeta aliweka chini chupa zake akakaa mbele yake, sakafuni. "Bila hawa sitajua, na nisipojua, hakuna atakayejali furu wakiisha. Ila sihitaji wote. Nipe nusu, nusu ni wako."

Shangazi aliigusa chupa iliyosimama. "Utachagua wewe au mimi?"

"Chagua wewe."

Akakataa kuchagua. Alifunga macho, akaingiza kijiko, akatoa waliokuja. Nyangeta akawapokea mmoja mmoja na kuwashukuru kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Waliobaki walipembezwa hadi wakamaliza kiini cha yai na kuogelea wenyewe, na siku walipoachiwa lamboni jogoo yule alichinjwa.

Msimu mwingine, mvua za vuli zikiwa zimeanza, Nyangeta, aliyekuwa amezipeleka chupa zake ng'ambo kuzichunguza, alikuja mwenyewe na picha. Tulikwenda naye moja kwa moja Butiama. Alizitandaza juu ya kigoda. Kwenye picha ya kwanza kiinitete kilikuwa kama kioo, na chunusi ya pezi imepakwa zambarau. Kwenye ya pili kiinitete kilikuwa kama kile, ila zambarau ilikuwa nyuma ya ubongo, pezini hamna kitu.

"Hii ni jeni moja," alisema, "na hii ni pacha wake. Tumepaka rangi pale kila mmoja anapofanya kazi. Kwa wanyama wenye moja tu, hiyo moja inafanya yote mawili. Hawa wamegawana. Na hapa ndipo nilipokosea mwaka ule. Kabla hawajagawana, mmoja angeweza kupotea na asijulikane. Wakishagawana, hakuna tena wa kupotea. Mmoja akikosekana, samaki hana pezi. Mwingine akikosekana, ana pengo kichwani."

Shangazi alichukua picha mbili akazishika moja mkono huu na moja mkono ule, kama anayepima mbegu.

"Baba yangu," alisema, "mnamkumbuka kwa kugawa nyama. Hamkuwepo. Kiangazi baba alikuwaga haonekani. Anatoka Kiriba kwa miguu, anapita Butiama, anafika Bunda, anarudi na habari: huku kuna njaa, huku mvua imenyesha, huku binti yenu anapigwa nendeni mkamchukue. Mama alimwitaga mzururaji." Akanipa picha moja. Alimpa Nyangeta nyingine. "Yule wa Kiriba alichukua mikono ya baba. Huyu amechukua miguu. Mtu aseme yupi wa ziada."

Athumani alinitazama miguu. Tulipofika garini akasema tena: anaharibika.

Mliobaki, kwa hiyo: chupa nusu maji, nondo ya Meno ya Mama juu ya boriti, mkono wa maziwa na sio wa siagi. Maji yamiminwe kutoka juu. Mama furu asipewe chochote, hata mkija na nia njema, hasa mkija na nia njema.

Siku nilipopewa habari kwamba nimepunguzwa, sikwenda nyumbani. Nilipanda baiskeli hadi Butiama. Nilimkuta Shangazi lamboni, amekaa juu ya jiwe, anawazuia watoto wa jirani kutupa makombo upande wa matete.

"Yule pale," aliniambia kwa kunong'ona. "Shavu lina mstari. Kidevu kimejaa."

"Umempa nini?"

"Nimemwacha. Kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya."

Tukamtazama. Kisha nikamwambia. "Shangazi, kituoni wamenipunguza."

Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka polepole hadi chini, akaishia kwenye viatu vyangu vyenye vumbi.

"Miguu wamekuachia?"

"Wameniachia."

"Basi usikae hapa unamzibia furu jua. Nenda Kiriba ukamwambie mwenzio huku imeshanyesha, apande. Halafu pita Bunda unitazamie yule mama wa Daktari kama anaendelea vizuri."

Nikageuza baiskeli.